Cessna 172 ya mtumba: ofa itoke baada ya vitabu, kabla ya spana

Anayetafuta ndege ndogo ya mtumba Afrika Mashariki hachelewi kuonyeshwa Cessna 172. Imeuzwa tangu 1956, zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000, na hakuna ndege nyingine duniani iliyofikia idadi hiyo. Spea zake zinapatikana, karakana za uwanja wa Wilson, Nairobi, zimeizoea, na miguu yake ya chuma inavumilia kutua kwa mwanafunzi anayejifunza. Tathmini hii inahusu zile za kati ya 1973 na 1986, kwa sababu ndizo ambazo mtu binafsi, klabu au shule ya urubani anaweza kuzifikia kwa bei.

Swali linalowasumbua wanunuzi si kama ndege ni nzuri. Ni nzuri. Swali ni lini utaje bei. Wako wanaoona rangi inang'aa, wakataja bei siku hiyohiyo wakiwa wamesimama chini ya bawa. Injini inapokuja kufunguliwa hawana pa kushika. Wengine hawataki kutamka lolote mpaka ndege ikaguliwe yote. Wanalipa karakana siku mbili, kisha wanaambiwa mwenye mali ameshapokea arubuni ya mtu mwingine. Wakati wa ofa uko katikati: umeshasoma kila ukurasa wa vitabu vya ndege, umeshapiga hesabu ya injini, lakini hakuna boliti iliyoguswa. Ofa ndiyo inayokupa haki ya kufungua.

Ipi kati ya hizo

172M, ya 1973 hadi 1976, ina injini ya Lycoming O-320-E2D ya nguvu za farasi 150. Ni injini tulivu, isiyo na visa vingi. Tatizo ni nyanda za juu. Wilson iko takriban futi 5,500 kutoka usawa wa bahari. Kwa vipimo vya kimataifa, joto la kimo hicho ni nyuzi 4 hivi. Mchana wa nyuzi 25 umezidi kwa nyuzi 21, na kila nyuzi inayozidi huongeza futi 120 hivi. Ndege inajiona iko futi 8,000. Hapo injini isiyo na turbo hutoa robo tatu hivi ya nguvu zake, na 172M iliyojaa inapanda kama futi 300 kwa dakika. Ikiwa Mombasa au Dar es Salaam, ndege hiyohiyo inapanda karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo anayeishi pwani anaweza kuinunua kwa moyo mweupe. Wa Nairobi, Eldoret au Arusha afikirie tena, au atafute ile iliyokwisha kubadilishwa injini na kuwekewa O-360 ya farasi 180. Mabadiliko hayo yana kibali rasmi na yanastahili kuongezewa pesa.

172N, ya 1977 hadi 1980, ndiyo yenye jina baya. Injini yake, O-320-H2AD ya farasi 160, ilitoka na udhaifu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu, na tapeti zinazosukumwa nayo: nyuso zinazosuguana zilikuwa zinalika mapema, hasa baada ya ndege kukaa bila kuruka. Lycoming waliongeza ukubwa wa tapeti, na injini zilizofanyiwa marekebisho hayo hubeba herufi T mwishoni mwa namba yake. Pia liko agizo la usalama la 1980, namba 80-04-03, linalotaka oili iongezewe dawa ya LW-16702. Jambo jingine la kujua ni magneto, vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za plagi: zote mbili zimefungwa kwenye kasha moja na huzungushwa na shafti moja. Hata hivyo 172N yenye T, inayoruka kila wiki na kupewa dawa yake, ni ndege njema kabisa. Wanunuzi wengi huikwepa kwa kusikia herufi H2AD tu, na hapo ndipo mnunuzi aliyesoma anapata nafasi.

172P, ya 1981 hadi 1986, ilirudi kwenye injini ya kuaminika, O-320-D2J ya farasi 160. Flapi zake hufika nyuzi 30 badala ya 40, na uzito wa juu ukapanda kutoka ratili 2,300 hadi 2,400. Bei zikikaribiana, chukua hii. Baada ya 1986 kiwanda kilisimama miaka kumi. 172R na 172S zilizofuata ni bora, lakini bei yake ni ya ligi nyingine.

Zote hizi hunywa avgas, petroli ya ndege, lita 30 hivi kwa saa. Kabla ya jambo lolote, hakikisha avgas inapatikana uwanja utakaoegesha. Viwanja vingi vya ukanda huu vina Jet A-1, mafuta ya jeti, peke yake.

Vitabu kwanza

Omba vitabu vyote vikiwa vimepigwa picha kurasa zote: cha fremu ya ndege, cha injini na cha propela. Si muhtasari wa dalali, si kurasa tano za mwisho. Mwuzaji asiyetaka kutoa nakala, usimpe bei. Kitabu kikikosekana, hasa cha injini, thamani inaporomoka, kwa sababu hakuna namna ya kuthibitisha kilichofanyika.

Ukivipata, usianze na saa. Anza na tarehe. Chukua karatasi, andika kila tarehe ya matengenezo na namba ya takometa (kipimo kinachohesabu saa za injini) iliyo pembeni yake. Tuseme Machi 2019 imeandikwa 4,212.3, na ingizo linalofuata ni Novemba 2021, 4,219.0. Hiyo ni saa 6.7 kwa miezi 32. Ndege ililala. Tangazo litasema "saa chache tangu ovahoo", yaani tangu injini ifunguliwe na kuundwa upya, na ni kweli, lakini uchache huo ndio ugonjwa. Kwenye Lycoming kamshafti iko juu ya krenki shafti na hulainishwa kwa oili inayorushwa injini inapozunguka. Injini ikilala, oili inashuka yote chini, unyevu unashika chuma kilichobaki kitupu, na kutu ndogo isiyoonekana kwa macho inaanza kwenye uso wa kamu. Siku injini inapowashwa, kutu hiyo inafanya kazi ya msasa. Baada ya saa kadhaa uso mgumu unabanduka vipande na vipande vinaingia kwenye filta. Kwa hiyo injini yenye saa 1,500 inayoruka saa 15 kila mwezi ni salama kuliko yenye saa 300 ndani ya miaka kumi na mitano.

Pili, tafuta maneno. Ovahoo imefanywa na nani, na karatasi ya vipimo ipo? "Top overhaul" ni silinda tu. Krenki na kamu havikuguswa, na hesabu ya saa haianzi upya. Propela ikiwa imewahi kugonga ardhi, agizo la usalama namba 2004-10-14 linataka gia ya nyuma ya krenki shafti na boliti yake vikaguliwe. Usipoona saini ya kazi hiyo, hesabu kwamba haikufanyika. Tafuta pia ukaguzi wa reli za viti, agizo namba 2011-10-09, ambao hurudiwa kila saa 100 au miezi 12. Si jambo dogo: matundu ya reli yakilika, kiti kinateleza nyuma ndege inaponyanyuka, rubani anavuta usukani bila kukusudia, pua inainuka kupita kiasi na ndege inapoteza mbebo.

Uliza kama ukaguzi wa ziada wa Cessna, ule wa SID, umefanyika. Unachimbua kutu na nyufa ndani ya muundo, mahali ambapo ukaguzi wa mwaka haufiki. Ndege iliyokwisha kupita hapo na kurekebishwa ina thamani kubwa zaidi kuliko rangi mpya.

Kama ndege iko Marekani, agiza pia faili lake lote kutoka FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, huko Oklahoma City. Ndani yake kuna fomu namba 337 za matengenezo makubwa, na wakati mwingine humo ndimo unamokuta bawa lililobadilishwa ambalo tangazo halikulitaja. Faili hilo pia litakuonyesha kama kuna deni lililoandikishwa juu ya ndege. Kwa ndege iliyosajiliwa Kenya au Tanzania, ulizia kwenye daftari la mamlaka ya anga ya nchi hiyo, KCAA au TCAA. Usiridhike na rejista ya kimataifa ya Mkataba wa Cape Town: fremu inazozihusu ni za ndege zilizoidhinishwa kubeba watu wasiopungua wanane pamoja na marubani, au mzigo unaozidi kilo 2,750. 172 ya viti vinne haimo.

Hesabu ya injini

Lycoming wanashauri O-320 ifanyiwe ovahoo ikifika saa 2,000 au miaka 12, chochote kitakachotangulia. Kwa mtu binafsi nchi nyingi zinaruhusu kuendelea kama hali ni nzuri, lakini kwenye bei usikubali kuilipia injini iliyokwisha kana kwamba bado ina maisha.

Chukua mfano. Tuseme karakana imekwambia ovahoo nzima, pamoja na kutoa, kurudisha, mipira ya kufungia injini, mabomba na magneto, ni dola 36,000. Gawa kwa 2,000: kila saa ni dola 18. Ndege kama hiyo yenye injini iliyofika katikati, saa 1,000, tuseme inauzwa 75,000. Ya kwako ina saa 1,450. Zimezidi 450, zidisha kwa 18, ondoa 8,100. Imebaki 66,900. Sasa tazama mwaka wa ovahoo. Ikiwa ni 2009, miaka 12 ilishapita, na saa 550 zinazoonekana kubaki hazina uhakika. Ondoa na hizo 9,900. Imebaki 57,000, ambayo ni bei ya ndege yenye injini ya kufanyiwa ovahoo. Ofa yako ya kwanza iko kati ya 57,000 na 66,900, na mahali hasa panategemea jinsi ilivyokuwa ikiruka miaka miwili ya mwisho.

Redio na skrini mpya visikupandishe sana. Mwuzaji atakuonyesha risiti, na ni haki yake, lakini aliyefunga vifaa hivyo ameshavitumia, na pesa yake hairudi yote. Rangi hesabu sifuri mpaka ujue kilicho chini yake.

Piga pia hesabu ya mzigo, na utumie karatasi ya uzito ya ndege hiyo yenyewe. 172N yenye uzito mtupu wa kilo 671 inabaki na 372. Mafuta kamili, galoni 40 za Kimarekani zinazotumika, ni kilo 109. Zimebaki 263: watu wazima watatu na begi. Anayenunua akidhani viti vinne ni watu wanne na matangi yaliyojaa atakuja kujuta.

Sasa ofa

Vitabu vimekamilika, ndege imekuwa ikiruka, hesabu imekaa sawa, karakana imeshakupa siku, mwenye bima amekutajia bei na pesa iko benki. Toa ofa siku hiyo. 172 safi yenye vitabu vilivyonyooka haikai sokoni, kizuri chajiuza. Kung'ang'ania asilimia mbili kwenye ndege ya namna hiyo ni kumwachia mwenzako. Iliyokaa miezi sokoni ni habari nyingine: mara nyingi ama injini imekwisha na bei haijashuka, ama kuna ukurasa ambao kila mnunuzi amekuja kuukuta. Utafute ukurasa huo kabla ya kusema lolote.

Ofa iandikwe, hata kama mwuzaji ni jirani yako wa hanga. Itaje bei. Itaje arubuni, nayo ishikwe na wakala wa katikati, isiende kwa mwuzaji wala kwa dalali, na irudi yote ukiikataa ndege. Itaje karakana itakayokagua, ambayo haijawahi kuihudumia ndege hiyo, na idadi ya siku. Itaje nani analipia mafuta ya kuipeleka huko. Itaje kwamba kasoro yoyote inayoizuia ndege kuruka kisheria ni ya mwuzaji: airekebishe au apunguze bei. Na iwe na mwisho, saa 72 zinatosha, ili isigeuzwe ngazi ya kumpandisha mnunuzi mwingine.

Mwuzaji akikwambia "ukaguzi wa mwaka umefanywa juzi tu", mshukuru, kisha endelea na wako. Ukaguzi wa mwaka unauliza kama ndege inaruhusiwa kuruka. Wako unauliza kama inafaa bei hiyo. Wala usikubali wako uandikwe kama ukaguzi wa mwaka tangu mwanzo: fundi akishaandika kasoro rasmi, ndege inaweza kukwama hapohapo na wewe ukajikuta katikati ya ugomvi. Ukisharidhika, ndipo ugeuzwe kuwa wa mwaka.

Utaratibu wa kufungua

Rushwe kwanza. Kwenye 172N, kwa mizunguko 1,700, magneto moja ikizimwa mizunguko isishuke zaidi ya 125, na tofauti kati ya magneto mbili isizidi 50. Mgandamizo wa oili ukae kati ya 60 na 90 psi (ratili kwa inchi ya mraba). Ukitua, sikiliza gurudumu la mbele: likitetemeka kwa nguvu, kizuia mtetemo kimechoka, au uma umelegea.

Kisha injini ikiwa bado ya moto, pima mgandamizo wa silinda. Hewa inaingizwa kwa psi 80, na kipimo kinasoma kilichobaki, kwa mfano 74 juu ya 80. Namba peke yake haitoshi, weka sikio. Mlio ukitoka kwenye ekzosi, valvu ya ekzosi inavuja. Ukisikika kwenye kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ukitoka kwenye tundu la kujazia oili, ni ringi. Silinda moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa 10 hadi 15, ichunguzwe kwa kamera ya boroskopu. Chini ya 60, hesabu kwamba inatoka.

Kata filta ya oili, ikunjue karatasi yake, iminye, ipitishe juani. Chembe zinazong'aa zipitie sumaku: zinazonata ni chuma, na chuma kwenye Lycoming iliyolala maana yake mara nyingi ni kamu na tapeti. Peleka oili maabara pia. Silikoni, ambayo ni dalili ya mchanga, ikiwa juu, vumbi linaingia. Ndege zilizofanya kazi kwenye viwanja vya murram wa Mara au Serengeti zina hatari hiyo, kwa sababu filta ya hewa iliyochanika hupitisha vumbi jekundu moja kwa moja hadi kwenye ringi. Kama vitabu vilionyesha usingizi mrefu, omba kamu ionekane kwa macho. Kwenye H2AD tapeti huchomolewa bila kupasua bloku. Kwenye D2J na E2D itabidi silinda moja itolewe. Ni gharama, na mwuzaji anaweza kusita. Mwambie utalipa wewe.

Baada ya injini, kutu. Ndege nyingi za miaka hiyo zilitoka kiwandani bila kupakwa rangi ya kinga kwa ndani. Iliyoishi Diani, Malindi, Lamu au Zanzibar imevuta chumvi miaka yote. Inua zulia, toa vifuniko vya ukaguzi chini ya mabawa, mulika maungio ya nguzo za milango na mahali mhimili wa bawa unaposhika. Unga mweupe ni kutu ya alumini. Rangi iliyovimba kwa mistari myembamba kama njia ya mchwa nayo ni kutu inayotambaa chini ya rangi. Bati likivimba kati ya ribiti, funga kitabu.

Kisha bati linalotenganisha injini na chumba cha rubani. Mulika sehemu ya chini, karibu na mguu wa mbele, halafu tazama bati la tumbo chini ya pedali. Mikunjo hapo ni ushahidi wa kutua kwa pua, na ndege za shule huwa nayo kuliko zote. Mwisho, mkia: wanaoigeuza ndege kwa kuukandamiza huvunja mhimili wa ndani wa bawa dogo la nyuma. Ukilitikisa na kusikia mlio wa bati, fungua.

Utaratibu huu uko hivyo kwa makusudi. Kinachoweza kuua biashara kitazamwe kwanza, ili ikifa saa tatu asubuhi usilipe kazi ya hadi jioni.

Ya Marekani, kwa kontena

Soko la Marekani ni pana, na bei ya tangazo hushawishi. Lakini 172 haiingii kwenye kontena la futi 40 kwa kutoa mabawa tu. Mkia wa ulalo una upana wa mita 3.4, na kontena kwa ndani lina 2.35, sharti utoke. Miguu ya nyuma pia inatoka, na usukani wa wima wa mkia. Kila kinachotoka kitarudishwa na kupimwa upya Mombasa au Dar es Salaam na fundi mwenye leseni, kisha ndege iombewe usajili na cheti cha ubora wa kuruka. Ingiza gharama hizo zote kwenye ofa tangu mwanzo, pamoja na cheti cha kuuza nje na uthibitisho wa kufutwa kwenye daftari la Marekani, ambao bila huo mamlaka za huku hazitaisajili.

Vitabu visisafiri ndani ya kontena. Wakala asiachie pesa mpaka mtu wako awe navyo mkononi, na namba za injini, propela na fremu zimelinganishwa na vibati vilivyo kwenye ndege yenyewe.